Kikaragosi Kizimbani: Kikundi cha Handspring na Haki ya Kuigiza Machungu ya Mwingine

Utangulizi

Katika Kiswahili, ukimwita mtu kikaragosi umemtukana. Una maana kwamba hana kauli yake mwenyewe. Kuna mkono wa mtu mgongoni mwake, na mdomo wake hufunguka pale tu mwenye mkono anapotaka. Neno lenyewe asili yake ni Kituruki. Waturuki wana mchezo wa vivuli ambao mhusika wake mkuu huitwa Karagöz, na jina lake ndilo lililosafiri mpaka likatufikia. Lilipofika kwetu likaingia kwenye siasa, na humo ndimo lilimopatia ukali wake.

Makala haya yanahusu kikundi kidogo cha sanaa cha Afrika Kusini, Handspring Puppet Company, kilichofanya kinyume cha tusi hilo. Kilikichukua kikaragosi, kitu kisicho na kauli, kikakisimamisha mbele ya hadhira kiseme maneno ya watu walionyimwa kauli. Nitaeleza jinsi kikundi hicho kilivyoanza, kilivyoshirikiana na mchoraji William Kentridge kuchanganya vikaragosi na filamu fupi, na kwa nini nadhani majaribio yao yanatuhusu sisi wanafunzi wa fasihi ambao kila mtihani tunaandika kwamba sanaa ni kioo cha jamii, tunapata alama zetu, tunaondoka.

Lakini kabla ya hayo inabidi niseme ukweli. Sikuanza kuwafuatilia Handspring kwa sababu ya utafiti. Nilianza kwa sababu ya aibu.

Aibu yetu

Kikundi chetu cha sanaa za maonyesho hapa chuoni kilikuwa na watu tisa. Fedha hakina, chumba hakina; mazoezi tulifanyia kwenye ukumbi wa mihadhara baada ya saa tatu usiku, na mlinzi akija kufunga tunahamia chini ya mti. Nje ya geti alikuwapo mama lishe mmoja aliyetulisha wengi wetu kwa mkopo. Asubuhi moja walikuja watu na gari, wakabomoa kibanda chake, wakapakia meza, mabenchi na masufuria, wakaenda zao. Sisi tulipopata habari damu ikachemka. Tukasema hili lazima liandikwe. Tukamfuata nyumbani, akatusimulia kwa muda wa saa mbili, tukaandika kila kitu kwenye madaftari.

Tamthilia ikawa tayari baada ya wiki tatu. Ukumbi ulijaa. Mama tulimwalika, tukamwekea kiti cha mbele, akakataa, akakaa nyuma karibu na mlango. Mwenzetu aliyeigiza nafasi yake alilia machozi ya kweli kweli. Aligaragara sakafuni, akawalaani wabomoaji mpaka sauti ikamkauka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Onyesho lilipokwisha tukamkimbilia mama, tabasamu hadi masikioni.

"Shikamoo mama. Umeonaje?"

"Marahaba wanangu." Akamgeukia yule binti, akamtazama kidogo. "Umelia vizuri, mwanangu. Mimi siku ile sikulia."

Akaaga, akaenda kuwahi daladala.

Hakugomba wala hakulaumu. Usiku ule nilirudi kwenye daftari langu. Maneno yake yalikuwamo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: gari lilipoondoka, aliinama akaokota sahani zilizobaki akazihesabu. Zilikuwa 14. Akazifunga kwenye kanga, akaenda nyumbani. Sisi tulikuwa tumeliacha jambo hilo nje ya tamthilia kwa sababu, kama alivyosema mmoja wetu kikaoni, "kuhesabu sahani siyo drama."

Ndipo swali likanikaa kooni: hivi nani ana haki ya kuigiza machungu ya mtu mwingine? Na akiwa nayo, aifanye vipi kazi hiyo bila kumwibia mwenyewe kwa mara ya pili? Mwalimu wetu mmoja hakunijibu. Aliniambia tu, "Nenda katazame Ubu." Nikapewa mkanda, nikautazama mara tatu.

Kikundi chenyewe

Handspring ilianzishwa mwaka 1981 mjini Cape Town na vijana wanne waliosoma katika shule ya sanaa ya Michaelis ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Hao ni Adrian Kohler, Basil Jones, Jill Joubert na Jon Weinberg. Yaani wahitimu tu kama watakavyokuwa wengi wanaosoma ukurasa huu, wenye vyeti vya sanaa na mifuko mitupu. Walianza na michezo ya watoto, wakizunguka nayo huku na huko. Baadaye uongozi ukabaki kwa Kohler na Jones. Kohler ndiye mchongaji na msanifu. Jones ndiye mtayarishaji. Na wote wawili wamekuwa wakipanda jukwaani kuvichezesha vikaragosi vyao kwa mikono yao. Katikati ya miaka ya 1980 wakaanza kuwatengenezea watu wazima.

Hapo tujiulize: kwa nini watu wazima watazame vikaragosi? Ulaya kwa muda mrefu kikaragosi kilishushwa hadhi kikawa kichekesho cha watoto. Afrika mambo ni tofauti, na Handspring wenyewe wanakiri deni lao kwa vikaragosi vya Wabamana wa Mali, ambavyo huchezwa kijijini mbele ya wazee na vijana kwa pamoja. Deni hilo walikuja kulilipa hadharani mwaka 2004, walipotengeneza Tall Horse kwa kushirikiana na kikundi cha Sogolon cha Yaya Coulibaly wa Mali. Mchezo huo unasimulia habari ya kweli ya twiga aliyetolewa zawadi na mtawala wa Misri kwa mfalme wa Ufaransa, akatua Marseille mwaka 1826 na mwaka uliofuata akatembezwa kwa miguu mpaka Paris.

Sisi huku tunao mapiko ya Wamakonde. Lakini mapiko na kikaragosi cha Handspring vina tofauti moja ambayo naomba msomaji aishike, maana makala nzima inaning'inia hapo. Katika mapiko, mchezaji hufichwa. Kinyago kinamfunika, na siri ya nani yumo ndani ndiyo nguvu ya ngoma. Handspring wanafanya kinyume. Mchezeshaji anasimama pale pale jukwaani, uso wazi, mikono wazi, nyuma ya kikaragosi chake. Hakuna kinachofichwa.

Filamu za mkaa

Mwaka 1992 Handspring walianza kufanya kazi na William Kentridge. Huyu alizaliwa Johannesburg mwaka 1955. Baba yake, Sydney Kentridge, alikuwa wakili, mmoja wa mawakili wa utetezi katika kesi ya uhaini iliyowahusu Mandela na wenzake, na aliyeiwakilisha familia ya Steve Biko mwaka 1977 katika uchunguzi wa kifo chake. Kwa hiyo mtoto huyu alikua katika nyumba ambayo neno "ushahidi" lilikuwa chakula cha kila siku. Mwenyewe alisoma siasa na masuala ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akaenda Paris kusomea uigizaji katika shule ya Jacques Lecoq.

Kuanzia mwaka 1989 Kentridge alitengeneza mfululizo wa filamu fupi ambazo nyingi hazifiki hata dakika kumi. Namna anavyozitengeneza ni rahisi kueleza, ila kuifanya ni kazi ya mateso. Katuni za kawaida huhitaji maelfu ya michoro, kila mchoro kwenye karatasi yake. Kentridge anabandika karatasi moja ukutani, anachora kwa mkaa, anatembea hadi kwenye kamera, anapiga picha. Anarudi kwenye karatasi, anafuta kidogo, anachora tena, anakwenda kupiga picha nyingine. Basi ni kwenda na kurudi, siku nzima, kwa sekunde chache tu za filamu. Filamu nzima inaweza kutokana na karatasi ishirini, thelathini au arobaini hivi.

Sasa, jambo la maana ni hili: mkaa haufutiki wote. Kila anapofuta kunabaki kivuli. Mtu akitembea kwenye filamu hizo anaacha nyuma yake ukungu wa hatua zake zote za awali. Tungefanya sisi tungesema ni uchafu, tununue kifutio kizuri zaidi. Yeye aliuacha, na uchafu huo ukageuka kuwa maudhui. Katika nchi ambayo watawala wake walitumia nguvu nyingi kufuta nyaraka, vijiji na watu, huyu alitengeneza sanaa ambayo kila kinachofutwa kinaacha alama.

Hebu tuangalie mifano miwili. Katika Mine, ya mwaka 1991, tajiri mwenye migodi aitwaye Soho Eckstein yuko kitandani asubuhi, suti yake ya mistari mwilini, anajiandalia kahawa. Anasukuma chujio la kahawa chini. Chujio linapita kwenye kahawa, linatoboa trei, linatoboa kitanda, linazidi kushuka ardhini mpaka mgodini, linapita katikati ya wachimbaji waliolala wamebanana kama samaki wa kopo. Hakuna neno hata moja linalosemwa. Lakini baada ya picha hiyo huwezi tena kuinywa kahawa ya Soho bila kujua inatoka wapi. Hiyo ndiyo jazanda iliyokamilika.

Mfano wa pili ni Felix in Exile, aliyoifanya kati ya mwishoni mwa 1993 na mwanzoni mwa 1994, wakati nchi ikielekea kwenye uchaguzi wa Aprili 1994 uliomwingiza Mandela madarakani. Wengine wakati ule walikuwa wakichora bendera na njiwa. Kentridge alimchora mwanamke wa Kiafrika, Nandi, mwenye chombo cha kupimia ardhi, anayewaona na kuwachora watu waliouawa wakiwa wamelala majanini. Magazeti yanapeperuka na kuwafunika maiti, kisha maiti zinayeyuka na kuwa sehemu ya ardhi: hapa kilima, pale dimbwi. Mwisho Nandi naye anapigwa risasi, naye anamezwa na nchi. Msanii alikuwa akiuliza, kabla hata sherehe haijaanza, kama nchi mpya itawakumbuka waliolala chini yake.

Skrini nyuma ya kikaragosi

Kazi ya kwanza ya Handspring na Kentridge, ya mwaka huo wa 1992, ilikuwa Woyzeck on the Highveld. Tamthilia asilia ni ya Mjerumani Georg Büchner, aliyefariki mwaka 1837 akiwa na miaka 23 tu na kuiacha haijakamilika. Askari fukara wa Kijerumani anayeteswa na wakubwa wake, wao wakamgeuza kuwa kibarua Mwafrika katika Johannesburg ya miaka ya 1950. Jukwaani kuna kikaragosi cha mbao; nyuma yake kuna skrini yenye michoro ya mkaa. Kikaragosi uso wake haubadiliki, ni mbao. Basi yale yanayopita kichwani mwa Woyzeck yanaonekana nyuma yake, yanachorwa na kufutwa. Kwa hiyo filamu si pambo la jukwaa. Filamu ndiyo nafsi ya mhusika. Katika uchambuzi wetu tumezoea kutenga utanzu huu na ule. Hapa ukiitoa filamu, kikaragosi kinabaki kipande cha mti, na ukikitoa kikaragosi, filamu haina mwenyewe.

Mwaka 1995 wakafuatisha Faustus in Africa!, wakitumia maandishi ya Goethe pamoja na maneno mapya ya mshairi Lesego Rampolokeng. Sitaijadili zaidi, kwa sababu iliyonipeleka kwao ni ile ya mwaka 1997.

Ubu mbele ya Tume

Mwezi Aprili 1996 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, ilianza vikao vyake vya hadhara mjini East London. Zaidi ya watu 21,000 waliandikisha maelezo ya mateso yao, na sehemu yao wakasimama mbele ya watu wakaeleza kwa vinywa vyao, huku redio na televisheni zikirusha. Upande wa pili, waliotesa na kuua waliahidiwa kwamba atakayesema ukweli wote kuhusu uhalifu alioutenda kwa malengo ya kisiasa anaweza kusamehewa. Nchi nzima ikawa ukumbi. Tena ukumbi wenye waigizaji halisi, machozi halisi na wauaji halisi. Msanii afanye nini hapo? Tamthilia gani ingeshindana na hiyo?

Jibu lao lilikuwa Ubu and the Truth Commission, maandishi ya Jane Taylor, uongozaji wa Kentridge, vikaragosi vya Handspring. Ubu ni mhusika wa Mfaransa Alfred Jarry, aliyeonyeshwa Paris Desemba 1896: mlafi, mwoga, katili, mchekeshaji. Katika kazi hii Ubu ni askari wa siri wa utawala wa makaburu. Kila usiku anatoka, anarudi alfajiri, anaoga. Mkewe anadhani ana hawara. Kumbe mume anaoga damu.

Ubu na mkewe wanaigizwa na watu, Dawid Minnaar na Busi Zokufa. Msaidizi wa Ubu ni mbwa mwenye vichwa vitatu ambaye kiwiliwili chake ni sanduku la kusafiria. Yupo pia mamba ambaye tumbo lake ni mfuko wa turubai. Kazi yake ni kumeza nyaraka zote za ushahidi, mashine ya kuharibia karatasi yenye meno. Mambo yanapoiva, mbwa anahukumiwa. Kichwa cha mwanasiasa kinatoka salama, na mzigo mzito unaangukia kichwa cha askari wa chini. Ubu mwenyewe anapanda chombo na mkewe, wanatweka tanga, wanaondoka zao. Hadhira inabaki imekaa.

Katikati ya vituko hivyo wanaingia mashahidi. Hao ni vikaragosi. Nyuso zao zimechongwa kwenye mbao, patasi imeacha makovu yake bila kulainishwa. Kila shahidi ana wachezeshaji wawili, wanaoonekana. Kinasema kwa lugha ya Kiafrika maneno yaliyotoka katika ushahidi halisi uliotolewa mbele ya Tume. Na pembeni, ndani ya kibanda cha kioo, mkalimani anayasema kwa Kiingereza. Kibanda hicho hicho, katika maonyesho mengine ya mchezo, ndicho bafu la Ubu. Pale anapofutia ushahidi mwilini mwake ndipo ushahidi unapotolewa.

Kwa nini kikaragosi?

Nimejaribu kulijibu swali hili kwa hoja tatu.

Ya kwanza ni mikono. Mwigizaji wa kawaida anapolia anataka tuamini kwamba yeye ndiye yule mama. Anajitahidi kutufanya tusahau kwamba ni mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye jaribio kesho. Akifanikiwa tunampigia makofi yeye. Mama mwenyewe ameshapotea. Kikaragosi hakiwezi kudai kwamba ndicho yule mama, hata kikitaka. Ni mti, na mikono inayokishika tunaiona. Kwa hiyo hadhira inabakiwa na nafasi ya kukumbuka kwamba mama halisi yuko mahali pengine, na kwamba haya ni maneno yake tu, yameletwa kwetu na watu wengine kwa uangalifu. Mtambaji wetu wa ngano analijua jambo hili tangu zamani. Akisema "paukwa" nasi tukaitika "pakawa", wote tunajua yeye si sungura wala si fisi. Hatudanganywi, na bado tunaogopa fisi akija.

Hoja ya pili ni pumzi. Handspring husisitiza kwamba kitu cha kwanza ambacho mchezeshaji anajifunza ni kukipa kikaragosi pumzi: kifua kupanda na kushuka kidogo sana, kabla ya neno lolote na kabla ya ishara yoyote. Kohler na Jones wameeleza kwamba mwigizaji mtu huhangaika ili afe jukwaani, ilhali kikaragosi huhangaika ili kiishi. Ukilipeleka wazo hilo mbele ya Tume, nywele zinasimama. Mama anayemsimulia mwanawe aliyeuawa anasimuliwa kwetu na kitu ambacho kila sekunde kinapigania kisife. Nilipoutazama mkanda kwa mara ya pili sikumwangalia shahidi. Niliwaangalia wachezeshaji. Macho yao hayakuwa kwetu. Yalikuwa kwa kikaragosi, wanakisikiliza. Hakuna aliyekuwa akituonyesha huzuni yake. Walikuwa wanafanya kazi. Nikamkumbuka mama anahesabu sahani.

Hoja ya tatu ni mkalimani. Katika vikao halisi vya Tume, wakalimani walitafsiri kwa nafsi ya kwanza. Shahidi akisema "walinipiga", mkalimani naye anasema "walinipiga", siyo "anasema kwamba walimpiga". Wengi wao kazi hiyo iliwaumiza sana, na si ajabu. Siku nzima kubeba "mimi" ya mtu mwingine mdomoni si mchezo. Handspring wameliweka hilo wazi mbele yetu. Sauti iko huku, mwili uko kule, mikono ni ya hawa, maneno ni ya yule ambaye hayupo. Sisi tunaoandika insha za uhakiki tunafanya kazi ile ile ya mkalimani, ila sisi tumejificha. Kibanda chetu hakina kioo.

Kasoro

Uhakiki usiotaja udhaifu ni salamu tu, kwa hiyo niseme ninayoyaona.

Kwanza, mwovu amependelewa. Ubu ana nyimbo, vichekesho na mbwa mwenye vichwa vitatu. Mashahidi wana majonzi peke yake. Hakuna shahidi anayetania, wala anayekasirika kwa sababu ya jambo dogo kama watu halisi wanavyofanya. Kuna wakati nilijikuta nimemzoea Ubu, namngoja arudi. Labda hilo ndilo walilotaka tujishtukie nalo. Hata hivyo, heshima ikizidi nayo inaweza kumfanya mtu awe sanamu.

Pili, kuna suala la nani anafaidi. Waanzilishi wa kikundi, mwandishi na mwongozaji ni Wazungu wa Afrika Kusini. Maneno ya mashahidi ni ya Waafrika, na mwaka ule ule wa 1997 mchezo ulikwenda Weimar, Ujerumani, na miji mingine ya Ulaya. Wapo watakaosema hawa wamechuma kwenye shamba lisilo lao. Swali hilo silikwepi. Ninachosema ni kwamba kazi yenyewe hailifichi: mkono wa Mzungu mgongoni mwa shahidi Mwafrika unaonekana na kila mwenye macho, na mtazamaji yuko huru kuuliza unafanya nini pale. Tamthilia ngapi zinatupa nafasi hiyo?

Tatu ni lugha. Shahidi anaanza kwa lugha yake, lakini masikio ya wengi yanakimbilia Kiingereza, na sauti ya kwanza inageuka kuwa muziki wa nyuma. Hapa nadhani mbinu yao imewashinda kidogo.

Handspring ya leo haiwezi tena kuitwa kikundi kisichojulikana. Farasi wa mchezo wa War Horse, uliofunguliwa National Theatre ya London mwaka 2007, ni wa kwao: farasi mmoja, watu watatu, wote wanaonekana. Mwaka 2021 msichana wa mita tatu na nusu aliyeitwa Amal, mtoto mkimbizi wa Syria, alitembezwa kutoka Gaziantep nchini Uturuki hadi Manchester nchini Uingereza, safari ya kilometa 8,000 hivi, mtu mmoja ndani yake akitembea kwa mironjo na wengine wakishika mikono yake. Watoto njiani waliwaona wachezeshaji waziwazi, na bado walimshika Amal mkono. Fedha zimeongezeka, kanuni haijabadilika.

Hitimisho: sahani ya 14

Nimesema mwanzoni kwamba nilikuwa na swali. Jibu langu, kwa kadiri nilivyofika, ni kwamba haki ya kuigiza machungu ya mwingine haipatikani kwa kulia kama yeye au kuliko yeye. Inapatikana kwa kuonyesha mikono: kwamba huyu ni yeye, hawa ni sisi, na hapa ndipo tulipomshika. Na hiyo bado haitoshi. Lazima mwenyewe apewe nafasi ya kutusahihisha.

Tulirudi kwa mama. Tulimwomba radhi, akacheka, akatupa chai. Tukamwomba ruhusa tujaribu tena. Safari hii hatukuandika tamthilia. Tulitengeneza filamu ya dakika saba kwa simu ya mwenzetu. Mkaa tuliuokota jikoni, karatasi tuliomba ofisini. Hakuna anayeigiza nafasi ya mama. Kuna mikono yetu inayochora sahani moja, inaifuta, inachora inayofuata, na sauti ya mmoja wetu anayesoma maneno ya mama kutoka kwenye daftari, taratibu, bila kulia, huku karatasi ikizidi kujaa vivuli vya sahani zilizofutwa.

Tulimpelekea aione kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso. Midomo yake ilikuwa inacheza. Sikuelewa kwa nini. Filamu ilipokwisha akanyamaza kidogo.

"Mbona mmeishia kumi na tatu?"

Tukabisha. Tukairudisha mwanzo, tukahesabu pamoja naye. Zilikuwa 13. Tulikuwa tumeruka moja, na katika watu tisa waliokesha wakiichora hakuna aliyegundua.

Wiki hii tunaichora ya 14. Wasomaji wenzangu, na hasa wenzetu wa vikundi vya maonyesho vyuoni, uwanja ni wenu. Mwenye maoni tofauti alete, nasi tutasahihishwa.